FARASI HATUNA, VIUNZI TUNAVYO!

Ugoko wangu wa kushoto unanisumbua kila mvua inapotaka kunyesha. Kwa nini? Tulia kwanza, tutafika.

Jumapili iliyopita nilivuka kwenda Kamanga. Wenye haraka zao siku hizi wanakimbilia daraja la Kigongo-Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, lakini mimi bado napenda upepo wa ziwa na makelele ya kwenye kivuko. Isitoshe, shemeji yangu wa upande wa pili alikuwa ameniahidi sato wa kuchoma. Na mwandishi wako huyu, mbele ya sato, hana ubishi!

Nikashuka, nikakwepa bodaboda, nikapita vibanda vya mama ntilie. Kabla sijafika kwa shemeji, kwenye kiwanja kimoja cha vumbi, nakuta watoto kama wanane wamepanga foleni. Wanakimbia mmoja mmoja, wanaruka. Wanaruka nini? Bomba la chuma! Lile la maji, limefungwa kwa waya kwenye miti miwili, limekazwa ile mbaya. Kwa yule mdogo kuliko wote, bomba lilikuwa linamfika kifuani.

"Nyie, mnacheza nini hapo?"

"Shikamoo anko! Sisi farasi."

"Marahaba. Farasi wa wapi tena?"

"Wa Olimpiki! Tuliwaona kwenye simu ya kaka. Wanaruka miti, halafu watu wanapiga makofi."

Binti mmoja, miaka tisa hivi, alikuwa amejifunga kipande cha kanga nyuma kikawa mkia. Si utani! Akaniambia yeye ni farasi mweupe na mpaka muda huo hajashindwa na mtu. Mara zamu ya dogo ikafika. Akaja mbio, akaruka, kidole gumba cha mguu kikagusa bomba. Bomba halikutikisika hata kidogo. Aliyetikisika ni yeye. Alikwenda kichwa chini miguu juu, bahati nzuri mikono ikatangulia. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikapiga kelele, "Jamani, simamisheni Olimpiki!"

Wakaniangalia kama mtu aliyekuja kuzima muziki kwenye harusi.

UGOKO WANGU

Sasa sikiliza. Nikiwa kidato cha pili, kwenye shule ambayo sitaitaja, fundi alituchomelea viunzi vya chuma kwa ajili ya michezo. Vizuri kwa macho, vimepakwa rangi, vimechimbiwa ardhini na zege juu. Mwalimu akasema hivi vitadumu miaka hamsini. Kweli, kiunzi kilidumu. Ugoko wangu ndio haukudumu. Niligonga cha tatu, nikasikia "kah!" kama mtu anavunja muwa. Wiki sita nilikaa na plasta, na nilipopona nikaambiwa kosa ni langu, sijui kuruka.

Miaka yote hiyo niliamini hivyo hivyo, kwamba sijui kuruka. Mpaka nilipokuja kusoma habari za hii michezo ndipo nikagundua kitu kimoja kidogo tu ambacho fundi wetu hakukijua. Kitu chenyewe ni hiki: kiunzi kizuri ni kile kinachoanguka.

Basi! Ukisahau yote ya leo, hilo usilisahau.

HAWA FARASI WENYEWE

Watoto wa Kamanga walikuwa sawa kuanza na farasi, maana mambo haya ya kuruka viunzi yalianzia huko. Mwaka 1752 kule Ireland, mabwana wawili walibishana nani ana farasi bora. Wakashindana kutoka kanisa la Buttevant mpaka kanisa la Doneraile, huku wanaangalia mnara wa kanisa kwa mbali. Katikati kuna nini? Kuta za mawe, vichaka, mitaro ya maji. Farasi ilibidi aruke kila alichokutana nacho. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1850, wanafunzi wa chuo kikuu cha Oxford wakasema kwani lazima farasi? Wakaruka wenyewe kwa miguu. Hapo ndipo yalipozaliwa haya mashindano tunayoita mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3,000.

Na hizo mbio, msomaji wangu, usizione za Wazungu. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki mpaka leo, zote za fedha, zote za Moscow 1980. Moja ni ya Suleiman Nyambui, mtoto wa huku huku kwenye ziwa letu, Majita, mita 5,000. Ya pili ni ya Filbert Bayi. Kwenye nini? Viunzi na maji! Bayi aliondoka kama anadaiwa, akawaacha wenzake mbali, mpaka mzunguko wa mwisho ndipo Malinowski wa Poland akampita. Alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 12.48.

Majirani zetu Wakenya ndio usiseme. Amos Biwott alishinda Mexico 1968, na kwenye lile dimbwi la maji alikuwa anaruka mpaka anatua pakavu wakati wenzake wanalowa. Toka hapo Kenya ilichukua dhahabu ya mbio hizo kila Olimpiki iliyokwenda, mpaka Rio 2016. Ndipo Soufiane El Bakkali wa Morocco akaja kuwaharibia sherehe kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, akarudia tena Paris 2024. Na ng'ambo ya ziwa, Uganda, kuna marehemu John Akii-Bua, mshindi wa mita 400 viunzi kule Munich 1972. Sekunde 47.82, rekodi ya dunia, na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda. Jamaa alijifua na fulana nzito, huku anaruka viunzi virefu kuliko vile vya mbio zake.

Farasi wenyewe Usukumani huwaoni. Tuna ng'ombe wa kumwaga, punda wapo, lakini farasi Afrika hii ana maadui: mbung'o, na ugonjwa mmoja mbaya wa farasi unaosambazwa na visubi. Ukitaka kuwaona wakishindana vizuri, panda basi uende Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong. Lakini kijiweni leo nakupa moja ya kubishania. Rekodi ya farasi kuruka juu ni mita 2.47, aliiweka farasi anayeitwa Huaso kule Chile mwaka 1949. Rekodi ya binadamu ni mita 2.45, ya Javier Sotomayor wa Cuba, mwaka 1993. Yaani mnyama wa miguu minne amemzidi mtu kwa sentimita 2 tu! Ila tuwe wakweli, Huaso alikuwa amembeba mtu mgongoni.

KINACHOANGUKA NA KISICHOANGUKA

Rudi kwenye lile bomba la chuma. Zamani, huko Uingereza, viunzi vya wakimbiaji vilikuwa uzio wa kondoo uliochimbiwa ardhini. Ukigonga, umeumia. Baadaye, kwenye miaka ya 1930, kikaja kile kiunzi cha umbo la herufi L unachokiona leo. Miguu yake inamtazama mkimbiaji anayekuja. Ukikigonga kinalala mbele, wewe unaendelea na safari yako. Sheria inataka kianguke kikisukumwa kwa nguvu ya kilo 3.6 mpaka 4. Hiyo ni kama kuku wawili wa kienyeji, basi.

Wenye farasi nao wanajua. Kwenye uwanja wa mashindano, miti ya kuruka imeegeshwa tu kwenye vikombe vifupi. Farasi akigusa kwa kwato, mti unaanguka. Anapoteza pointi, hapotezi mguu. Lakini kuna mashindano mengine ya porini ambako wanaruka magogo yasiyotikisika. Mwaka 1999 peke yake wapanda farasi watano walikufa Uingereza kwenye mashindano ya namna hiyo. Baada ya hapo wakabuni pini maalum zinazokatika gogo likigongwa kwa nguvu, gogo lidondoke badala ya farasi kupinduka na kumlalia mtu.

Na yule Superman wa kwenye sinema, Christopher Reeve, unamkumbuka? Mei 1995, Marekani, farasi wake alisita ghafla mbele ya kiunzi, jamaa akatangulia yeye kwa kichwa. Akapooza kutoka shingoni kwenda chini mpaka alipofariki 2004. Unajua kiunzi kilikuwa na kimo gani? Mita moja hivi tu. Kwa hiyo usinidanganye kwamba "hiki ni kifupi, hakina noma".

TUKAJENGA

Basi nikawaambia wale watoto, leteni koleo na mundu, tunajenga uwanja upya. Nitakueleza tulivyofanya, na wewe ukiwa na wadogo zako mtaani, iwe Mabatini, Igoma au Buhongwa, fanya hivyo hivyo. Gharama yake haifiki hata ya kwenda disko.

Cha kwanza ni cha bure kabisa. Chukua madumu mawili ya lita 20, yale ya mafuta ya kula. Yasimamishe mbalimbali kiasi cha mita moja na nusu, weka fito juu. Fito iwe nyepesi: mwanzi, au bomba la plastiki la kupitisha nyaya za umeme. Ilale tu, usifunge! Hiki kinamfika mtoto magotini, ndicho cha kuanzia. Kama hata hicho kinamtisha, laza fito chini arukie hapo mpaka azoee.

Cha pili kinapanda na kushuka. Tafuta ndoo mbili za rangi, zile tupu ambazo mafundi wanaziacha saiti. Simamisha mrunda mnyoofu katikati ya kila ndoo, jaza mchanga na kokoto, shindilia. Kama una zege lililobaki mahali, bora zaidi. Halafu toboa matundu kwenye kila mrunda, kila baada ya sentimita 10, kuanzia magotini. Chomeka vijiti vya mbao. Misumari usiiguse! Msumari ukimkuta mtu pajani utaimba wimbo mwingine. Kijiti kitokeze urefu wa vidole viwili, si zaidi.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi wanapokosea. Vijiti vitokeze upande wa kule mrukaji anakotua, si upande anakotokea. Kwa nini? Mguu ukigonga fito, unaisukuma mbele. Kama mirunda iko mbele ya fito, inaizuia, na hapo umejenga ukuta. Kama mirunda iko nyuma yake, fito inateleza inakwenda zake. Na mrukaji aje kutoka upande mmoja tu. Chora mshale mkubwa kwenye vumbi ili asitokee mjanja wa kuja kinyume.

Cha tatu ni cha wanaojifua kweli, umbo la L kama kwenye televisheni. Nunua bomba moja la plastiki la inchi moja, urefu wa mita 6, elbo nne na tii mbili. Muuza vifaa vya bomba anazijua. Kata vipande viwili vya mita moja: kimoja cha juu, kimoja cha kuunganisha chini. Viwili vya sentimita 55 ndivyo nguzo. Viwili vya sentimita 40 ndivyo miguu, na viwili vifupi vya sentimita 5. Elbo mbili zinakaa juu. Chini kila upande, elbo inashika mguu, kipande kifupi kinapanda juu yake, inafuata tii ya kupokea kile kipande cha kuunganisha, kisha nguzo. Umemaliza, na mita 2 zimebaki za kutengenezea fito. Jaza mchanga kwenye miguu na uzibe kwa kitambaa, la sivyo upepo wa ziwa utakuangushia kabla ya mtu kuruka. Gundi usipake. Kikifumuka kinaungwa tena, mguu wa mtoto hauungiki kirahisi hivyo.

Rangi? Hiyo nayo si urembo tu. Wenye farasi wanapaka miti mistari ya rangi mbili ili farasi aone vizuri pa kuruka. Uingereza walikuwa wanatumia rangi ya chungwa, wataalamu wakaja kugundua farasi haioni kama tunavyoiona sisi, sasa wamehamia nyeupe. Sisi tulitumia chokaa na masizi ya sufuria. Nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Pia tukalaza mwanzi mwingine chini, hatua moja kabla ya kiunzi. Farasi akiuona ule wa chini anajua aruke kutoka wapi. Watoto wetu "farasi" nao ikawasaidia hivyo hivyo, wakaacha kurukia mbali na kutua juu ya fito.

Kati ya kiunzi na kiunzi acha hatua kubwa sita au saba za mtu mzima, kisha punguza au ongeza mpaka watoto wapate mdundo wao. Na kimo kisizidi kiuno cha yule mfupi kuliko wote. Mnaojiona wakubwa, kipimo rasmi cha viunzi na maji ni sentimita 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake. Ila ujue vile vya viunzi na maji haviangukagi. Ni gogo la kilo 80 mpaka 100! Ndiyo maana wenyewe wanakikanyaga kwa juu wanapita. Wewe usianze huko. Anza na kinachoanguka, na siku ukiruka mara ishirini bila kugusa, ndipo utafute mwalimu akufundishe gogo.

Dogo mmoja akaniuliza, "Anko, na maji? Tukarukie ziwani?" Hapana! Pwani yetu hii kichocho bado kipo, na ukanda wenye nyasi na konokono ndio makao yake. Chimba shimo la kina cha goti, jaza mchanga mlaini au pumba za mpunga kutoka mashineni, piga picha kichwani kwamba ni maji. Na kabla hamjaanza, okoteni mawe yote pale mnapotua. Mwanza hii tumebarikiwa mawe, lakini si ya kuangukia.

Mwisho kabisa, fanya jaribio la kidole. Simama upande anakotokea mrukaji, sukuma fito kwa kidole kimoja. Ikianguka, kiunzi kimefaulu. Isipoanguka, bomoa uanze upya, hata kama ni kizuri kama cha Ulaya.

FARASI MWEUPE

Tulipomaliza jua limeshaanza kuelekea Sengerema. Farasi mweupe akaomba aanze yeye. Akarekebisha mkia wake wa kanga, akaja mbio... fito chini! Akarudi, fito chini tena. Mara ya tatu, chini. Kila ikianguka anacheka, wenzake wanaipandisha, anarudi kwenye foleni. Nikahesabu mara tisa. Kwenye lile bomba la chuma mara tisa hizo zingekuwa nini, msomaji wangu? Zingekuwa mara moja tu, halafu hospitali.

Ya kumi akapita juu, safi, mkia unapepea. Ungefikiri ni Filbert Bayi!

Na hili la watoto kujifanya farasi msilicheke. Kule Finland kuna mashindano kabisa, mabinti wanaruka viunzi huku wameshika farasi wa fimbo mwenye kichwa cha kitambaa, na watu wanalipa kiingilio kwenda kuangalia. Kwa hiyo yule wa Kamanga na kanga yake hajachelewa.

Nilichojifunza mimi na ugoko wangu ni kwamba anayejifunza lazima agonge. Hakuna anayeruka vizuri siku ya kwanza, awe mtu au farasi. Kazi ya mkubwa anayejenga kiunzi ni kuhakikisha kwamba kugonga hakumalizi safari. Yule fundi wetu alijenga cha kudumu miaka hamsini, na sikurudi kuruka tena. Nani anajua? Labda nilikuwa nakijua.

Lile bomba la chuma tulilifungua waya, na mwenyewe akaja kulichukua. Kumbe alikuwa analitafuta toka Ijumaa!

Sato je? Nilipofika kwa shemeji nikakuta mifupa na ndimu. Akaniambia, "Shemeji, ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa na farasi. Mpaka leo hajaniamini.

Haya, tukutane wiki ijayo hapa hapa. Na wewe mwenye bomba limefungwa kwenye miti miwili uani kwako, nenda kalifungue leo!